Simba Aweza Kuja, Nguruwe Lazima Waje

Katika miaka yote niliyofundisha katika chuo cha ualimu, somo nililolipenda kuliko mengine lilikuwa somo la motisha. Nililifundisha kwa bashasha, chaki mkononi, nikiwaeleza wanachuo habari za paka wa Edward Thorndike. Bwana huyo, Mmarekani, alichapisha kazi yake mwaka 1898. Aliwafungia paka wenye njaa ndani ya masanduku, akaweka chakula nje, kisha akapima muda ambao kila paka alitumia hadi kuligundua komeo na kutoka. Kutokana na paka hao ilizaliwa kanuni ambayo kila mwalimu wa enzi zetu aliikariri: kitendo kinacholeta raha hurudiwa, na kile kinacholeta karaha huachwa. Nilisisitiza tuzo, nilisisitiza adhabu. Lakini neno moja nililipita mbio kila mwaka, nalo ni neno njaa. Paka wale walikuwa na njaa. Paka aliyeshiba angejilaza mle sandukuni akasinzia, na samaki wa huko nje asingemfundisha lolote.

Sasa nimestaafu, ninaishi Kibiti, kando kidogo ya barabara ya Kilwa, na ninao muda wa kulirudia neno hilo. Ndugu msomaji, sitakuchosha kwa habari za paka wa Marekani. Nataka kueleza habari za nguruwe, simba na watu wa Rufiji. Historia ya bonde letu, ukiitazama vizuri, ni historia ya viumbe wenye njaa waliolazimika kuchagua, na ya walioshiba waliokuja kuwashangaa kwa uchaguzi wao. Mimi nilikuwa mmoja wa hao walioshiba.

Nilizaliwa katika delta mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mgeni akifika kule huona maji kila upande, asijue kwamba mengi hayanyweki. Bahari ikijaa huupandisha mto chumvi, na wakati wa kiangazi chumvi hiyo hupanda mbali zaidi. Mama zetu walijua saa za kuchota, na walijua visima vya kuamini. Mtoto wa delta huijua kiu kabla hajaijua hesabu.

Babu yangu alikuwa na mbuzi wachache. Kazi yangu jioni ilikuwa kuwawekea pumba za mpunga upande mmoja na chungu cha maji upande wa pili. Siku za masika walikwenda kwenye pumba moja kwa moja. Siku za jua kali la kaskazi walizipita pumba hizo kana kwamba hazipo, wakasukumana chunguni, na walipokwisha kunywa ndipo waliporudi kula. Babu alisema, "Usimwulize mbuzi anapenda nini. Mwulize ametoka wapi."

Nilikuja kukutana na maneno ya babu chuoni, yakiwa yamevaa suti. Mwaka 1931, Carl Warden wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa kitabu juu ya panya waliotakiwa kuvuka sakafu ya waya zenye umeme ili wakifikie wanachokitaka. Panya mwenye kiu alivuka mara nyingi kidogo kuliko mwenye njaa, na wote hao walishindwa na panya mama aliyetenganishwa na wanawe. Miaka miwili baadaye, Clark Hull wa Yale aliwafundisha panya kushika njia moja siku za njaa na njia nyingine siku za kiu, wakiwa katika sanduku lile lile. Walijifunza polepole sana, lakini walijifunza. Maana yake ni kwamba mnyama hubeba ndani ya mwili wake alama ya kumwelekeza njia, na anayemtazama kutoka nje haioni alama hiyo. Anachokiona ni sanduku moja na panya yule yule, ambaye jana alikwenda kushoto na leo anakwenda kulia, naye husema panya huyu hana msimamo.

Watu wa Rufiji nao wameambiwa mara nyingi kwamba hawana msimamo.

Tuanze na Wajerumani. Mwaka 1898 walileta kodi ya nyumba, na baadaye wakalazimisha mashamba ya pamoja ya pamba. Wanaume wengi wakaondoka vijijini kutafuta fedha za kodi au kutumikishwa. Wakati huohuo sheria za uwindaji zikaminya ule uwindaji wa wavu ambao wazee walikuwa wakiutumia kupunguza nguruwe mwitu. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu jirani zetu wa Uzaramo, akaonyesha jinsi mambo hayo yalivyokutana: wanaume hawapo, nyavu zimekatazwa, nguruwe wameongezeka, na wanawake wamebaki peke yao kulinda mashamba. Nguruwe hawakuwa jambo dogo katika mwaka 1905. Tukisoma habari za Vita vya Maji Maji tunakumbuka Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji, na tunakumbuka Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba mwezi Julai, na kwamba Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Hatukumbuki kwamba mtu aliyeng'oa pamba alikuwa ametoka kulala usiku kucha akifukuza nguruwe kwenye mtama, na asubuhi akaitwa kupalilia zao lisiloliwa.

Wajerumani waliijua njaa vizuri kuliko walimu wa saikolojia. Walipoona risasi haziumalizi upinzani, waliteketeza maghala na mashamba. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi yaliyoifuata. Haikupita miaka kumi ikaja vita nyingine. Manowari ya Königsberg ilijificha katika delta yetu na ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Kisha mwaka 1917 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikaa katika bonde la Rufiji wakati wa mvua, yakala nafaka za watu. Bibi yangu alituhadithia jinsi walivyochimba ndiga porini. Ndiga ni kiazi chenye sumu, lazima ukikate vipande na kukiloweka kwenye maji siku kadhaa kabla ya kukila. Alisema wapo waliokijua vyema kiazi hicho na siku zake za kuloweka, lakini hawakuweza kuzisubiri siku hizo. Hawakuwa wajinga. Ujuzi walikuwa nao. Muda ndio hawakuwa nao.

Sasa nifike kwenye mambo niliyoyaona mwenyewe. Mwaka 1968 mto ulifurika, na mwaka 1969 Serikali ikaendesha operesheni ya kuwahamisha watu kutoka bondeni kuja juu kwenye ardhi isiyofikiwa na maji. Nilikuwa kijana wa sekondari, nikaja likizo nikaiona kazi hiyo, nikaifurahia. Huko juu kulijengwa shule na zahanati, na malori yaliweza kufika. Sitadanganya leo kwamba mambo hayo hayakuwa na maana. Mafuriko yaliua watu kweli, na bila shule mimi nisingekuwa na kalamu hii.

Lakini mashamba yalibaki chini. Mrufiji alikuwa na elimu yake ya mafuriko. Maji yanapopungua huacha tope jipya, na katika tope hilo hupandwa mahindi ya mlau, yanayokua kwa unyevu uliobaki bila kungoja mvua. Mpunga nao hutaka bonde. Zamani familia nzima iliishi huko huko katika madungu, yaani nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo. Mafuriko yakija unapanda, nguruwe wakija unapiga debe, na jirani akisikia naye anapiga lake. Baada ya kuhamia juu, bonde likawa na dungu moja hapa, jingine kule mbali, na mtu mmoja ndani yake. Nguruwe walielewa mabadiliko hayo upesi kuliko maofisa. Nao watu wakaanza kurudi bondeni, msimu kwa msimu, na maofisa wakasema: tumewapa shule na zahanati, wao wanachagua matope.

Mwaka 1974 nilipangiwa shule ya msingi katika moja ya vijiji hivyo vya juu. Ilikuwa miaka ya njaa nchi nzima. Tulikula unga wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambao watu waliuita Yanga. Mwalimu alikuwa na mshahara, hivyo alipata chake. Siku moja, nikiwa na kanuni za Thorndike kichwani, niliamua kuwapa watoto motisha. Nikaweka mezani daftari jipya na penseli; pembeni nikaweka bakuli la uji. Nikatangaza kwamba atakayeshinda hesabu za siku hiyo atachagua tuzo moja. Alishinda kijana mmoja mwembamba, hodari kuliko wote, ambaye kila mara alikuwa mtoro. Alichukua uji. Darasa likacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nikatoa hotuba juu ya mtu anayeuza maisha yake ya kesho kwa tumbo la leo. Juma lililofuata hakuja shule siku tatu, na aliporudi nilimchapa.

Mama yake alikuja jioni. Hakugomba. Alisema, "Shikamoo Mwalimu," ingawa kwa umri mimi ndimi niliyepaswa kumwamkia. "Mtoto alikuwa dunguni. Baba yake anaumwa. Daftari tungelipenda sana, lakini uji ule alikunywa nusu, nusu akamletea mdogo wake." Nilimjibu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Akashukuru, akaondoka.

Nilidhani nimeusahau mkasa huo. Ulinirudia mwaka 2003.

Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, simba aliwaua watu wasiopungua 35 katika vijiji kadhaa vya Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kibiti ndani yake. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo mkoa mwingine. Mwezi Machi 2003 nilikwenda kuwaona jamaa, nikavuka kwa kivuko cha Ndundu, nikafika kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, katika kijiji kimoja cha ng'ambo. Simba hakuwa amefika kwao, lakini habari zake zilikuwa zimefika. Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva. Nilishangaa kumkuta anafunga mkeka, panga na debe lake, tayari kushuka kulala dunguni, dungu lenyewe likiwa vijiti na makuti tu.

Nikamwambia, "Binamu, una akili kweli? Watu wanaliwa."

Akanijibu taratibu, "Mwalimu, simba aweza kuja. Nguruwe lazima waje."

Nilizungumza naye hadi usiku. Nilitumia umri wangu, cheo changu na jina la marehemu mjomba. Mwisho alikubali kulala nyumbani. Niliondoka nikiwa nimeridhika kwamba nimeokoa maisha ya mtu.

Mwishoni mwa Novemba, siku za Idd, nilirudi. Safari hii nilivuka juu ya Daraja la Mkapa, lililokuwa limefunguliwa mwaka huo huo, na nakumbuka nilivyoona fahari. Binamu alinipokea vizuri, akanipa kuku. Nikauliza habari za mpunga. Akasema nguruwe walikuja siku tatu mfululizo, na siku ya nne hapakuwa na haja ya kuja. Nikauliza habari za binti yake, aliyekuwa ameanza kidato cha kwanza. Akatazama chini. Binti alikuwa Dar es Salaam, akifanya kazi za ndani tangu mwezi wa saba, kwa sababu ada ilikuwa ndani ya mpunga ule.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningependa angenilaumu.

Miaka iliyofuata nilisoma kila nilichoweza kukipata juu ya simba wale. Simba wa Rufiji alipouawa mwezi Aprili 2004 alionekana kuwa kijana wa miaka mitatu na nusu hivi, na chini ya gego lake lililopasuka palikuwa na jipu kubwa. Mmoja wa simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, naye alikutwa na jino lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake. Basi wengine wakasema ni maumivu. Simba asiyeweza kung'ata mnyama mgumu huchagua nyama laini.

Maumivu yanaweza kuwa sehemu ya jibu, lakini hayatoshi. Mwaka 2005 Craig Packer, pamoja na wenzake akiwamo Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitoa hesabu yao katika jarida la Nature: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi mengi yalitokea wakati wa mavuno, na wilaya zilizoshambuliwa zaidi zilikuwa zile ambazo pundamilia, kongoni na swala wamepungua na nguruwe mwitu ni wengi. Simba hakutoka porini akimtafuta mtu. Alimfuata nguruwe, nguruwe alifuata mpunga, na mpungani alimkuta mtu amelala juu ya vijiti akimngoja nguruwe huyo huyo. Wote watatu waliletwa na njaa. Nasi huku pwani nguruwe hatumli, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpunguza kwa hamu.

Mwaka 2011 Packer na wenzake wakaongeza jambo lililonigusa zaidi. Walilinganisha tarehe za mashambulizi na mwendo wa mwezi. Wakati wa mbalamwezi simba hupata chakula kidogo, kwa kuwa mawindo humwona. Hata matumbo yao hupungua. Mwezi mpevu ukishapita, saa za mwanzo za usiku huwa giza kwa sababu mwezi unachelewa kuchomoza, na watu bado wako nje. Hapo ndipo mashambulizi huwa mengi. Simba yule yule aliyempita mtu juma lililopita, juma hili hampiti. Mtu hakubadilika, wala dungu halikubadilika. Lililobadilika ni tumbo la simba.

Na kuna jaribio moja la panya ambalo laiti ningelijua nikiwa kijana. Mwaka 1992 Bernard Balleine, ambaye alifanya kazi na Anthony Dickinson wa Cambridge, alionyesha kwamba panya aliyejifunza kubonyeza kitufe ili apate chakula akiwa ameshiba hazidishi juhudi mara tu atiwapo njaa. Ni lazima kwanza awe amewahi kukila chakula kile akiwa na njaa. Mpaka apate kukionja katika hali hiyo, thamani yake hajaijua, hata kama anajua kilipo na njia ya kukipata. Wazee wetu hawakuhitaji maabara kwa jambo hili. Walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi niliyafundisha maneno hayo kama methali, na sikuwahi kuyasoma kama maelezo ya kazi yangu.

Nimejitetea mara nyingi moyoni. Nimesema: je, kama angelala dunguni akaliwa? Huenda angeliwa, na binti yake angeacha shule vilevile. Kwa hiyo sisemi kwamba nasaha yangu ilikuwa ya uongo. Nasema ilikuwa nusu. Nilimwondolea mtu ulinzi wa chakula chake bila kumwachia kitu mahali pake. Magunia manne ya mpunga yangetosha, na mshahara wangu ungeyamudu. Nilimpa maneno kwa sababu maneno ndiyo niliyozoea kutoa. Mkono mtupu haulambwi, nasi viongozi wadogo na wakubwa tumekuwa tukinyoosha mikono mitupu, kisha tukilalamika kwamba watu hawailambi.

Binti nilimfuata Dar es Salaam. Nililipa ada, akaanza upya kidato cha kwanza Januari 2004, akisoma na waliokuwa wadogo zake, akamaliza kidato cha nne. Alinishukuru. Kijana wa uji sijui alipo; nikimwona leo huenda nisimtambue, na sijui ningemwambia nini.

Nilipostaafu mwaka 2010 nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwaka 1974. Nilimwomba binamu anipeleke kulala dunguni. Alicheka, akasema mifupa yangu haitaweza, lakini tukaenda. Mwezi ulikuwa umekwisha kupita upevu. Tulikula muhogo, tukanywa maji ya dumu, kisha giza likaingia na vyura wakaanza. Nilisinzia. Usiku wa manane aliniamsha kwa kunigusa bega. Sikuona kitu. Nilisikia tu mpunga ukivunjika upande wa mtoni, taratibu, kama mtu anayetembea juu ya karatasi, halafu upande wa pili, halafu karibu.

Akanipa debe na fimbo.

"Piga, Mwalimu," akasema. "Usingoje kujua ni nani."

Nikapiga hadi mkono ukafa ganzi.